Unaandika programu za bure usiku kucha: je, TRA itakutolea gharama?



Leo tuongee kodi. Najua mtu wa Kariakoo akisikia neno hilo tu roho inamruka. Anakumbuka Mei 2023, maduka yalipofungwa kwa sababu ya ugomvi na TRA mpaka Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kukaa na wafanyabiashara pale Mnazi Mmoja. Anakumbuka na Juni 2024, yalipofungwa tena. Lakini leo mwenye duka tumweke pembeni kidogo. Tumwangalie kijana anayekaa kona ya duka na laptop yake, ambaye hakuna mgomo uliowahi kumtaja.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana anatengeneza simu mtaa wa Aggrey mchana. Usiku anaandika programu ya kuhesabu mzigo wa dukani: nini kimeingia, nini kimetoka, nani anadaiwa. Hauzi. Anaitoa bure, mwenye duka yeyote aichukue, na mtaalamu yeyote aifungue ndani aiboreshe. Ndiyo zile tunazoziita programu huria. Hobi yake, kama mwingine anavyopenda mpira au bongofleva.

Sasa hobi hii inakula hela. Laptop iliyotumika, tuseme laki nane. Bando, elfu thelathini kwa mwezi. Luku. Muda wenyewe, saa tatu kila usiku. Swali: mwisho wa mwaka, anaweza kuzitoa gharama hizo kwenye mapato yake kabla ya kupigiwa kodi? Maana wenzetu wanasikia kwamba huko nje ukitoa mchango kwa jamii unapata nafuu ya kodi, na hapa mtu anajiuliza, mbona mimi natoa kila siku?

Jibu fupi ni hapana. Jibu refu ndilo lenye faida, kwa sababu linaonyesha kodi yetu inamtazamaje kijana wa kompyuta.

Tuanze na sheria. Kodi ya mapato inaendeshwa na Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004. Ni sheria ya Muungano, kwa hiyo kijana wa Darajani Zanzibar naye yumo humo humo. Sheria hiyo inaposema "biashara" imetoa tafsiri yake mwanzoni kabisa. Biashara ni pamoja na uchuuzi, utaalamu, ufundi, hata biashara ambayo bado inatarajiwa kuanza. Halafu inatoa vitu viwili nje: ajira, na shughuli yoyote ambayo ukiangalia asili yake na kazi kuu ya mwenyewe, haifanywi kwa lengo la kupata faida.

Soma tena hapo mwisho, taratibu. Shughuli isiyofanywa kwa lengo la faida, ukilinganisha na kazi kuu ya mhusika. Huyo ni kijana wetu mzima mzima. Kazi yake kuu ni simu, programu anaigawa bure. Kwa macho ya sheria hana biashara ya programu, ana starehe yake tu.

Kifungu cha 11 kama kilivyotungwa mwaka ule ndicho kinafunga mlango. Kinasema gharama zinazotolewa ni zile zilizotumika zote na kwa ajili hiyo tu, katika kuzalisha mapato ya biashara au uwekezaji. Gharama za matumizi binafsi hazitolewi. Laptop ya hobi iko kundi moja na kiingilio cha Taifa na nyama choma.

Mwingine atasema, mimi nimeajiriwa, ninakatwa PAYE kila mwezi, basi nitoe gharama kwenye mshahara. Haiwezekani pia. Rudi kwenye kifungu: biashara au uwekezaji. Mshahara haumo. Mwajiriwa wa Tanzania hata akinunua kompyuta ya kumsaidia kazi ya bosi kwa hela yake mwenyewe, ni sadaka yake.

Na muda je? Hapa watu wengi wanachanganya. Wanasema, saa moja ya mtaalamu ni elfu ishirini, mimi nimetoa saa mia tano, basi nimechangia milioni kumi, zitoeni. Hapana jamani. Kodi inatoa hela uliyotumia, haitoi hela ambayo ungeweza kupata. Hizo milioni kumi hukuzipata, kwa hiyo hukuwahi kuzitozwa kodi. Ukitaka zitolewe, kwanza uziandike kama mapato, halafu uzitoe, unarudi sifuri. Hata Marekani, ambako watu wanapenda kutolea mfano, ni hivyo hivyo: ukijitolea kwenye taasisi ya hisani iliyosajiliwa unaweza kudai gharama za mfukoni ulizotumia, lakini thamani ya muda wako haidaiwi.

Na huko huko Marekani hobi haina huruma. Wana kanuni kwamba shughuli iliyoleta faida miaka mitatu kati ya mitano inachukuliwa kuwa ya kutafuta faida. Isiyofika hapo, mwenyewe inabidi aonyeshe kwa ushahidi mwingine kwamba anatafuta faida kweli. Akishindwa ni hobi. Na tangu 2018 mtu wa hobi akipata senti mbili tatu anatozwa kodi, ila gharama za hobi hiyo hatolewi. Katika Bunge la jimbo la New York uliwahi kupelekwa, tena zaidi ya mara moja, mswada wa kuwapa nafuu wanaoandika programu huria kwa kujitolea: warudishiwe asilimia 20 ya gharama zao, isizidi dola 200. Haukuwa sheria. Kwa hiyo tusidhani sisi tu ndio tumeachwa nyuma.

Sasa turudi Kariakoo, maana hapa kuna jambo ambalo wengi hawalioni.

Gharama kutolewa kwenye kodi kuna maana kwa mtu anayetozwa kodi kwenye faida. Yaani mapato, toa gharama, kinachobaki ndicho kinapigiwa kodi. Lakini wafanyabiashara wadogo wengi hawatozwi hivyo. Wanatozwa kwa mauzo. Mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka yumo kwenye kodi ya makadirio, na humo hakuna habari ya gharama kabisa. Umenunua laptop, hujanunua, wanaangalia umeuza kiasi gani. Kwa hiyo yule fundi simu wetu, hata sheria ikibadilishwa kesho na kusema gharama za programu huria zitolewe, yeye hatapata hata shilingi. Hakuna mahali pa kuzitolea.

Ngoja niwape hesabu inayochekesha na kuliza kwa wakati mmoja. Kwa viwango vilivyowekwa 2019, mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 hatozwi kitu. Kati ya milioni 4 na 7, asiyetunza kumbukumbu analipa 100,000, na anayetunza analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na 11, asiyetunza analipa 250,000, anayetunza analipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. (Viwango hivi vinaweza kuguswa kwenye bajeti ya Juni, kwa hiyo kabla hujalipa thibitisha.)

Chukua mwenye meza ya vifaa vya simu, mauzo milioni 9 kwa mwaka. Bila kumbukumbu: 250,000. Akiwa na kumbukumbu: 90,000 ongeza asilimia 3 ya milioni 2, yaani 60,000. Jumla 150,000. Tofauti ni laki moja taslimu.

Na kumbukumbu hizo zinatunzwa na nini? Na ile programu ya bure ya kijana wa usiku! Akiigawa kwa wenye meza kumi wa aina hiyo, amewaokolea milioni nzima kwa mwaka. TRA nayo imepata kitu inachokililia miaka nenda rudi, wafanyabiashara wenye hesabu zinazosomeka. Mwenye meza kafaidi, serikali imefaidi. Aliyeandika programu kabaki na macho mekundu na deni la bando.

Hapo ndipo penye hoja yenyewe. Huyu mtu serikali inamwona hana biashara wakati wa kutoa nafuu, lakini wakati wa kukusanya inamwona vizuri sana. Tangu 2014, kwa miaka mingi, ushuru wa bidhaa kwenye huduma za mawasiliano ulikuwa asilimia 17, na juu yake inakuja VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida Bara ni asilimia 18. Piga hesabu. Huduma ya shilingi 1,000 inaongezwa 17, inakuwa 1,170. Unaongeza 18 juu ya hiyo, inakuwa kama 1,380. Maana yake kwenye kila 1,380 anayolipa, 380 ni ya serikali. Kwenye bando la elfu thelathini kwa mwezi ni zaidi ya elfu nane. Kwa mwaka ni karibu laki moja kwa hobi ambayo haimwingizii kitu. Kwa hiyo mtu asije akasema vijana wa kompyuta hawalipi kodi. Wanalipa, ila hawapewi risiti ya shukrani.

Mfano mwingine wa kuonekana wakati wa kukusanya ni mwaka 2018. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilipotoka, mtu mwenye blogu yake ya kujifurahisha alitakiwa kulipa laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni na milioni moja nyingine kila mwaka. Hobi iligeuzwa biashara kwa kalamu moja. Wengine walizima kurasa zao. Ukiwa na hobi Bongo, iombee dua isije ikaonekana.

Sasa basi, tudai nini? Wapo watakaosema tudai gharama za programu huria zitolewe kwenye kodi, kama ule mswada wa New York. Mimi naona hilo si dai zuri kwetu, na sababu zangu ni mbili.

Ya kwanza ni nani atakayefaidi. Tuseme sheria imekubali, tena imekubali hata kwa walioajiriwa. Kompyuta kwa sheria ya sasa inachakaa kwa asilimia 37.5 kwa mwaka, kwa hiyo laptop ya 800,000 mwaka wa kwanza unatoa 300,000. Mwenye mapato ya zaidi ya milioni 12 kwa mwaka, ambaye kipande chake cha juu kinatozwa asilimia 30, anaokoa 90,000. Mwenye mshahara wa 600,000 kwa mwezi, kipande chake cha juu ni asilimia 20, anaokoa 60,000. Kijana mwenye mapato yasiyofika 3,240,000 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato, kwa hiyo anaokoa sifuri. Umeona? Nafuu inampandia aliye juu na kumruka aliye chini. Meneja wa benki anayecheza na kompyuta wikiendi anapata, wa Aggrey hapati.

Ya pili, tumeshajaribu nafuu za namna hii tukaona. Mwaka 2021 serikali iliondoa VAT kwenye simu janja, vishkwambi na modemu ili watu wengi waingie mtandaoni. Nia ilikuwa nzuri. Mwaka 2022 msamaha ukafutwa, serikali ikasema bei kwa mnunuzi hazikushuka kama ilivyotarajiwa. Nafuu ilipita njiani ikaishia mifukoni mwa watu wengine. Nafuu ya kodi ni kama maji ya bomba la mtaani, wa mwisho kwenye foleni anakuta matone.

Mtu atanibishia: kwa hiyo wasipewe kitu? Si wanajitolea wenyewe, nani kawatuma? Hoja hiyo ina ukweli wake. Ukipenda kufuga njiwa serikali hailipii mtama. Lakini njiwa wako hawapunguzii jirani kodi ya laki moja. Programu huria ikishatoka ni mali ya wote, kama kisima cha mtaa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, bure. Kenya mwanzoni mwa 2008, wakati wa vurugu za uchaguzi, watu wachache waliijenga Ushahidi kwa siku chache tu, ikaja kutumika nchi nyingi duniani. Hapa Dar kuanzia 2015 wanafunzi na wakazi walichora ramani za mitaa inayofurika kupitia Ramani Huria, na mtu yeyote anaweza kuzitumia. Vitu hivi havionekani kwenye hesabu za biashara, lakini ukiviondoa utaona pengo.

Na visima vya namna hii vinakauka. Programu isipotunzwa inakufa. Simu mpya zinatoka, mfumo unabadilika, tundu la usalama linagundulika, na yule aliyeandika keshaoa, ana watoto wawili, usiku analala. Wenye meza kumi wanarudi kwenye daftari, na mwaka unaofuata wanarudi kulipa 250,000. Hasara ni yao, si ya mwandishi peke yake.

Kwa hiyo mimi ningedai mambo matatu ambayo hayahitaji kubomoa sheria ya kodi.

Kwanza, mstari ulio wazi kwa mapato madogo ya pembeni. Uingereza tangu 2017 mtu anaweza kupata mpaka pauni 1,000 kwa mwaka kutoka kwenye vijibiashara vya pembeni bila kodi. Hapa kijana akipewa "ahsante" ya elfu hamsini na mwenye duka kwa kuwekewa programu, hajui kama ameshakuwa mfanyabiashara au bado. Wanaogopa, wanajificha. Wamachinga waliwahi kuwekewa mstari wao Desemba 2018, kitambulisho cha shilingi 20,000 kwa wenye mauzo chini ya milioni 4. Unaweza kukilaumu kitambulisho kile kwa mengi, lakini angalau mtu alijua amesimama wapi.

Pili, hela ya moja kwa moja kwa kazi iliyokamilika. COSTECH ipo, mashindano ya MAKISATU yapo tangu 2019. Lakini zawadi ya shindano humpa sifa aliyebuni kitu kipya, na programu inahitaji zaidi mtunzaji. Itengwe ruzuku ndogo ya kutunza programu huria ambazo Watanzania wanazitumia kweli. Kijana asiye na mapato ya kutozwa kodi anaipata sawasawa na meneja.

Tatu, mlango wa hisani uliopo utumike. Sheria ya 2004 inamruhusu mfanyabiashara kutoa mchango kwa taasisi ya hisani iliyotambuliwa na TRA na kuutoa kwenye mapato yake ya biashara, mpaka asilimia 2 ya mapato hayo. Yaani vijana wakiwa kundi lililosajiliwa na kutambuliwa, kampuni kubwa inayotumia kazi yao inaweza kuwachangia na kupata nafuu kihalali. Si rahisi, makaratasi ni mengi, lakini mlango upo.

Na wakati tunasubiri hayo, wewe kijana jilinde. Kama hobi yako imeanza kunukia hela, kumbuka sheria inatambua hata biashara inayotarajiwa. Siku ukiamua kutafuta faida kweli, chukua TIN, andika tarehe, na kuanzia hapo tunza kila risiti ya EFD, ya laptop mpaka ya flashi. Jua pia kwamba huduma za kitaalamu na za kiufundi zimetolewa kwenye ile kodi ya makadirio, kwa hiyo ukiuza utaalamu wako wa programu utatozwa kwenye faida. Hapo sasa gharama zako zina maana, na asiye na risiti hana gharama. Kampuni ikikulipa itakukata kodi ya zuio asilimia 5. Dai hati ya makato hayo, maana ni malipo ya awali ya kodi yako ya mwaka. Wengi wanaziacha, wanalipa mara mbili.

Ila ukibaki kwenye hobi, baki kwa moyo mweupe ukijua hesabu ilivyo: kodi haitakurudishia kitu. Anayekudai shukrani zaidi ni mwenye meza uliyemwokolea laki moja. Akikupa elfu kumi ya bando kila mwezi, kwa mwaka ni laki na ishirini, na wakiwa watano wakachanga elfu mbili mbili kila mwezi hakuna atakayeisikia. Wenye meza wa Kariakoo wanajua kucheza mchezo wa vikoba kuliko mtu yeyote. Hili nalo wanaliweza.

Haya wadau, nawakilisha. Mwenye kujua zaidi, hasa ndugu zetu wahasibu mliopo humu, mwageni data. Na kama unayo programu uliyoandika na inatumika dukani kwa mtu, tuambie imeokoa shilingi ngapi. Tukianza kuzihesabu hizo, hata wakubwa kule Dodoma watasikia.